Siku Kumi Bila Jiko

Jumanne, 8 Agosti 2023

Nimefika Kaole saa tano asubuhi. Mafundi wameshaanza kuangusha makuti ya nyumba ya marehemu shangazi ili waweke mabati. Jiko lake limejaa vumbi na fito zilizooza, kwa hiyo mpaka kazi iishe nitakula nje.

Leo Nane Nane, na Bagamoyo mjini wamejaa wageni kutoka Dar. Niliingia mgahawa mmoja unaotazama bahari, nikaagiza changu wa kupaka. Nilikaa saa nzima na robo. Alipoletwa, nyama yake ilikuwa kavu, inatafunika kama pamba, nyama ya samaki aliyelala kwenye friji siku nyingi. Tui lilikuwa la unga wa pakiti uliokorogwa kwa maji: jeupe mno, zito bila mafuta, tena lina sukari. Nilimuuliza kijana aliyenihudumia, "Mwanangu, huyu samaki ni wa leo?" Akanijibu kwa adabu, "Hapana mama. Wa leo wameondoka alfajiri."

Nimelipa shilingi 18,000. Dirishani palionekana mnazi wenye madafu na nazi kavu zilizodondoka chini, hazijaokotwa. Hilo limeniuma kuliko bei.

Jumatano, 9 Agosti

Chipsi mayai, kibanda cha barabarani. Mafuta meusi, yananuka shombo: kijana anakaangia viazi kwenye karai lile lile la samaki. Nimekula nusu. Usiku kiungulia.

Alhamisi, 10 Agosti

Neno la yule kijana wa juzi halikunitoka, "wameondoka alfajiri." Leo nimeamka mapema, nikapanda bodaboda mpaka soko la samaki nione wanaondokaje.

Ni maji mafu, na kusi bado linavuma, kwa hiyo vyombo vilivyorudi ni vichache. Mnada hauchukui muda. Dalali anataja bei, watu wanaongeza, fungu limeuzwa. Kolekole na nguru wote wamechukuliwa na wachuuzi wenye masanduku ya barafu, na kabla jua halijapanda gari limeelekea Dar, mwendo wa kilomita 70 hivi. Siwalaumu wavuvi, mtu anauza kwa anayelipa vizuri. Ila mwenye kibanda anayefika saa mbili anakuta vibua na vidogovidogo vya mwisho wa fungu.

Hata hivyo kibua si samaki mbaya. Kosa linakuja baadaye. Hapo hapo ufukweni anakaangwa mpaka anakauka, ndiyo njia ya kumfikisha jioni bila barafu. Kisha anapangwa kwenye kabati la vioo, anashinda humo na jua. Mteja akija, anarudishwa kwenye mafuta ili awe wa moto. Kwa hiyo tunachouziwa usiku ni samaki aliyekaangwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa ajili ya macho tu. Shangazi alikuwa akifunua mashavu ya samaki aone wekundu kabla ya kuuliza bei. Huyu wa kabatini hana tena cha kufunuliwa.

Jumamosi, 12 Agosti

Mafundi hawakuja. Nimekwenda kwenye magofu ya Kaole. Kuna misikiti miwili, mkubwa wake wa karne ya 13, na makaburi kadhaa, mengine yana nguzo za mawe. Watu wa pwani hii walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi. Nimesimama pale muda mrefu nikiwaza habari ya chombo cha kulia. Bakuli lilisafiri bahari nzima, likaonekana lina heshima ya kutosha kukaa juu ya kaburi la mkubwa.

Mchana nimekula kwa mama ntilie. Wali ulikuwa bokoboko na maharage hayajaiva sawasawa. Lakini kabla sijaketi aliniambia, "Dada, leo wali umenishinda, mkaa ulikuwa mbichi. Nikupe ugali?" Wali nikautaka mwenyewe. Shilingi 2,000, nimemaliza sahani. Huyu nitarudi kwake, kwa sababu alionja chakula chake kabla yangu. Kule mjini sidhani kama kuna aliyeonja lile tui.

Jumatatu, 14 Agosti

Mishkaki migumu. Sina la kuandika.

Alhamisi, 17 Agosti

Jana mwezi ulikuwa haupo kabisa, leo bamvua. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali, na wanawake walikuwa wametawanyika upande wa Mlingotini, wengine kwenye mashamba ya mwani, wengine na vijiti wakitafuta pweza miambani.

Jirani wa shangazi, bibi mwenye umri wa mama yangu, alinunua pweza wawili. Nilimwamkia, akanivutia kigoda, nikamtazama kuanzia mwanzo. Amewapondaponda jiweni, amewachemsha kwa maji yao wenyewe, bila chumvi mpaka walipolainika. Nazi amekuna kwa mbuzi, amekamua tui zito akaliweka kando. Muhogo umeiva kwenye tui jepesi pamoja na pweza, lile zito likaingia mwisho, na hakuacha kulikoroga lisikatike. Ndimu, pilipili, basi.

Jioni aliweka sufuria barazani. Walikuja vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mmoja, mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, na watoto waliotumwa na mabakuli. Hana kabati wala kibao. Shilingi 2,500.

Nilimuuliza, "Bibi, mbona hupiki kingi ukawauzie wageni magofuni?"

"Wageni wanakula wanaondoka, mwanangu. Hawa nikiwalisha kibaya leo, kesho watakuja kuniambia hapa hapa."

Saa kumi na mbili na nusu sufuria ilikuwa tupu, na mtoto mmoja alirudishwa kwao na bakuli lake. Kesho maji bado makubwa, atapika tena. Ameniambia nipeleke bakuli langu kabla ya magharibi.