Mashine Yangu ya Kusaga

Mimi ni karani wa parokia hapa Milola. Mwaka jana nilinunua mashine ya kusaga kwa fedha ya korosho, karo ya mwanangu ikiwamo. Mke wangu aliuliza, “Ikiharibika, baba, vipuri twapata wapi?” Nikamcheka. Baada ya miezi miwili ikavunjika. Lindi hakuna kipuri, Mtwara hakuna.

Na haya niliyasoma chuoni ualimu! Waingereza walipoanza Mpango wa Karanga mwaka 1947, walileta Kongwa matrekta yaliyokwisha tumika. Vipuri vikakosekana, udongo mkavu ukayashinda majembe. Walilima na jirani zetu wa Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zimekwenda. Wao walikuwa na serikali. Mimi jioni namsikia mama watoto akitwanga, wala hasemi neno.