Ndege wa Tano

Mikelenge, Kindu
Septemba

Mwanangu,

Mama yako hajambo, mguu umepoa, na jana alitelemka mwenyewe mpaka mtoni. Barua yako ililetwa na yule kijana wa pikipiki, imelowa pembeni lakini imesomeka. Nimefurahi kwamba huko Kalima wamekupa watoto wa mwaka wa kwanza, wale wa miaka mitatu. Unasema wako arobaini na wawili kwenye chumba kimoja, na ukianza hadithi wanakusikiliza mpaka sentensi ya tatu, kisha mmoja anaomba kwenda kukojoa na wote wanainuka kumfuata. Nimecheka peke yangu barazani. Hao ni watoto wazima. Wangekaa kimya wote ningekuambia uwapime homa.

Unaniomba nikufundishe kile kibao changu cha blanketi, kile ambacho wewe na kaka zako mlikuwa mkikiiba ili mchezee dukaduka. Nitakueleza, ila kwanza ujue kilikotoka, na mahali nilipokosea.

Nilikiona mara ya kwanza nikiwa na miaka saba au minane. Baba yangu alikuwa mtu wa kuswali, kwa hiyo mambo ya misheni hayakunihusu, lakini dirisha la jirani halina dini. Siku za Jumapili nilisimama nje ya chumba walimofundisha watoto, nikatazama mwalimu akibandika watu wa karatasi kwenye kitambaa cheusi bila gundi wala msumari. Walishika! Nilidhani ni uchawi. Kulikuwa na mzee mwenye ndevu, nyota, na mnyama ambaye sisi wa dirishani tulikubaliana kwamba ni ng'ombe aliyevimba mgongo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa ni ngamia. Watoto wa ndani nao hawakumjua, na hakuna aliyeuliza.

Hakuna uchawi. Nyuzi ndogo za kitambaa kimoja hunasa nyuzi za kingine, kama kishona nguo kinavyonasa kwenye kikwembe chako ukipita shambani. Wazungu hutumia felti, yaani sufu ya kondoo iliyoshindiliwa kwa maji moto mpaka inashikana bila kufumwa. Mimi felti nimeiona kwenye kofia tu. Blanketi linatosha.

Lakini usifikiri jambo lenyewe ni la wageni. Uko kwa Warega sasa, na mimi si Mrega, kwa hiyo nitasema kidogo, mengine ukawaulize wazee wa huko. Wao walikuwa na kamba waliyoitundikia vitu vidogo vya porini na vya nyumbani, na kila kitu kilibeba methali yake. Kamba hiyo wanaiita mutanga. Georges Defour aliandika kitabu kizima juu yake, kikachapishwa Bukavu mwaka 1979. Na kwa Waluba, kusini kwetu, kulikuwa na ubao mdogo unaoitwa lukasa. Mtu wa chama cha mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikatembea juu ya shanga zilizopachikwa, huku akisimulia habari za wafalme na safari zao. Fikiri hapo: ushanga haukuwa na pua wala taji, na bado mfalme alionekana. Ukisikia mwalimu mwenzako anasema hawezi kibao kwa sababu hajui kuchora, mweleze habari ya ushanga.

Sasa kazi ya mikono. Tafuta tripleksi ya sentimita 60 kwa 80. Kubwa kuliko hiyo utachoka kuibeba. Blanketi liwe la zamani, la kijivu au la buluu iliyoiva, lisilo na maua. Haya mapya yanayong'aa yana manyoya marefu yaliyolala upande mmoja: picha zinashika asubuhi, saa nne zinateleza zote. Sokoni pitisha kiganja juu yake. Kikikwamakwama, nunua; kikiteleza, rudisha hata kama bei ni nzuri. Livute vizuri juu ya ubao, ulipigilie nyuma kwa misumari midogo. Ukisimamisha kibao, kilaze kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta baada ya kula. Kikisimama wima, picha zitaanguka na wewe utalaumu blanketi.

Picha zenyewe chora kwenye karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja chako kilichofunguliwa, si chini ya hapo. Nyuma yake bandika kipande cha blanketi hilohilo, au karatasi ya msasa. Mavazi kata kwenye mabaki ya bikwembe. Fundi cherehani yeyote atakupa bure mfuko mzima. Gundi usinunue. Chukua wali uliolainika sana, uponde na maji kidogo, upake mwembamba kabisa. Ukipaka mnene, mende watamla Kobe wa hadithi yako kabla ya Oktoba kwisha. Picha zikikauka, weka kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga, ufunge, maana unyevu wa huku kwetu unakijua vizuri kitambaa.

Nyuso usizikamilishe. Mimi nilikuwa nachora tabasamu kubwa, kisha hadithi ikifika pale Chui amekasirika, Chui bado anacheka. Weka macho mawili, basi. Hasira itatoka kwenye sauti yako, na mtoto ataiona usoni pale.

Nije kwenye kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilitengeneza hadithi ya Kobe na Chui kwa picha ishirini na saba. Nilikesha siku nne kwa taa ya mafuta. Nilikuwa na miti, mto, mtumbwi, jua, mwezi, mke wa Chui, vyungu vya mke wa Chui. Siku yenyewe nikaanza vizuri, halafu nikamkosa mke wa Chui. Nikageuka kumtafuta kwenye rundo. Nikapata mwezi, nikapata chungu, nikapata mguu wa mtu ambaye sikumkumbuka. Upepo wa mtoni ukapita dirishani ukachukua mtumbwi. Nilipoinua kichwa, msichana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amesimama, ananipa mgongo, anawamalizia wenzake hadithi kwa mikono mitupu, na wote wamemtumbulia macho. Alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mimi. Nikakaa chini nikasikiliza.

Tangu siku hiyo picha tano, sita zikizidi. Nazipanga pajani kifudifudi, ya kwanza juu, na mkono wangu unabandika ukitokea pembeni ili macho yasiwaache watoto. Hadithi naijua kichwani mpaka nikiamshwa usiku naweza kuisema. Kama huwezi kuisimulia bila kibao, bado hujafika kwenye kibao.

Lakini hayo yote hata mwingine angekuambia. Lile ninalotaka ulichukue kwangu ni hili: kibao cha blanketi ni kwa ajili ya kuondoa. Kubandika hata kalenda ya ukutani inabandika. Ukiondoa picha mbele ya mtoto, pale ilipokuwa panabaki pengo, na mtoto analiona pengo kama alivyoiona picha. Kitabu hakiwezi hilo. Ukifunua ukurasa, vyote vimeondoka pamoja.

Chukua ndege watano, wabandike juu ya mstari wa mpunga. Huku Maniema hakuna mtoto asiyejua ndege na mpunga, wengine wameshatumwa kuwafukuza. Kawimbo nilikatunga mwenyewe, ukitaka ukabadilishe:

Ndege watano mpungani kwa bibi,
wanadonoa, to-to-to, wanadonoa.
Bibi kapiga debe: du!
Mmoja kapaa. Wamebaki...

Hapo nyamaza. Umeshamwondoa ndege, mkono umeshuka. Usiseme kitu. Utaona macho yao yanakwenda kwanza kwenye pengo, kisha kwa waliobaki. Wengine watahesabu kwa midomo bila sauti. Walimu wengi hawavumilii kimya hicho, wanajibu wenyewe, "Wanne!", kisha wanawaambia watoto warudie. Wamewanyang'anya tonge mdomoni. Hesabu moyoni mpaka kumi. Jibu litakuja, pengine litakuja la makosa kwanza, na mtoto mwingine atamsahihisha aliyejibu.

Na tazama Kiswahili kinavyokusaidia. Wanne, watatu, wawili, mmoja. Kesho weka mayai: matano, manne, matatu, mawili, moja. Keshokutwa vikapu: vitano, vinne, vitatu. Mtoto anajifunza hesabu, na neno linabadilisha kichwa chake kufuata kitu, bila wewe kutaja ngeli hata moja. Najua nyumbani wanasema "bitunga bine" na "ndege ine", na mimi mwenyewe nikiwa sokoni nasema hivyohivyo. Usimkatize mtoto kwa hilo. Mwache aseme bitunga bine, wewe endelea kuimba vikapu vinne, sikio litachukua vyote viwili na litajua pa kuvitumia. Akija mtu kukuuliza mbona hufundishi Kifaransa, mwambie sheria ya elimu ya 2014 imeziweka lugha za taifa darasani, na Kiswahili ni moja kati ya zile nne.

Siku mvua kubwa inapopiga manjanja ya paa, usipige kelele. Hutaishinda. Endelea kuondoa na kubandika tu, polepole. Hadithi nilizozipenda kuliko zote nilizisimulia hivyo, bila neno.

Umeuliza kama ni vibaya kuweka vitu ambavyo watoto hawajawahi kuviona. Nimelifikiria sana kwa sababu ya yule ngamia. Waasi wa RCD waliingia Kindu Oktoba 1998, na baada ya hapo treni ya kutoka Lubumbashi haikufika tena kwa miaka. Nilikuwa na watoto waliozaliwa hapahapa Mikelenge, wanacheza juu ya reli, wanaanika mihogo juu ya reli, hawajaona treni. Nikatengeneza moja kwa vipande vya suruali, yenye mabehewa matano. Mvulana mmoja akauliza, "Hii nyumba ndefu ni ya nani?" Nikasema ikaulizwe nyumbani. Kesho yake darasa lilijaa habari. Babu wa huyu alikuwa fundi wa reli, shangazi wa yule alipanda na magunia ya mchele mpaka Kongolo, mama wa mwingine alizaliwa ndani ya behewa, kama ni kweli. Walikuja na milio mitatu tofauti ya filimbi. Ngamia hakuwa na mtu wa kumsemea katika nyumba yoyote; treni ilikuwa na wazee mji mzima. Kwa hiyo kabla hujakata kitu kigeni, jiulize huyo mtoto akirudi jioni atamuuliza nani. Huko kwenu Kalima weka mgodi na mawe ya kasiterite, usiogope, baba zao wataongea.

Mwisho ni mikono yao. Hadithi ikiisha, usikimbilie kufungia picha kwenye kopo. Waache wabandike. Watamweka Kobe mtini na mtumbwi juu ya jua, na yule asiyefungua mdomo tangu siku ya kwanza ndiye atakayekwenda kimyakimya kupanga ndege kwa mstari. Vitachafuka, vitachanika, utatengeneza vingine. Nimetengeneza ndege zaidi ya mia tangu nianze, na bado nakata mdomo vibaya.

Jumamosi bado nawasimulia watoto wa jirani hapa chini ya mwembe. Juzi mjukuu wa mwenye nyumba ya pili, ana miaka minne, aliomba yeye ndiye awaondoe ndege. Nikamwachia. Akamwondoa wa kwanza, wa pili, wote, vizuri, kwa kusubiri kama nilivyokueleza. Jioni nahesabu, wako wanne. Nikaenda kwao, nikamkuta amekaa mlangoni, mkono mfukoni. Nikamuuliza ndege wangu wa tano yuko wapi.

Akanitazama kwa huruma. "Lakini alisharuka, mama."

Nimetafuta jibu mpaka leo. Kwa hiyo ndani ya bahasha utakuta ndege wanne, mstari wa mpunga, na kipande cha blanketi ulilolalia ulipokuwa mdogo. Wa tano mkate wewe.

Mama yako mkubwa