Mlango wa Pikapu ya Mjomba

Katika likizo ya Januari 2025 nilifuatana na mjomba wangu mpaka uwanda wa Kinangop, katika nchi ya Kenya, kununua viazi. Alikuwako pia mwanawe wa miaka tisa. Sisi watu wa Tororo twalijua jua. Jalidi twaisoma katika jiografia tu. Lakini Kinangop iko juu, zaidi ya mita 2,400, na usiku wa Januari usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake jingi. Asubuhi majani ya viazi huonekana kana kwamba yameunguzwa kwa moto.

Jioni tulipofika nilitaka nionekane kijana mwenye manufaa, nikaiosha pikapu. Nilimwaga maji kila mahali, hata katika kingo za milango ambako vumbi la safari lilikuwa limeshikana na grisi. Mjomba akanisifu, nami nikalala kwa furaha.

Kulipokucha gari lilikuwa jeupe. Mwalimu wetu wa fizikia alikwisha kutuambia kwamba bati lililo chini ya mbingu wazi huweza kupoa kupita hewa inayolizunguka, ila sikudhani nitakuja kuliona jambo hilo kwa macho. Mlango wa abiria ulikataa kabisa kufunguka. Mjomba alikuwa akihesabu magunia, basi sikumwita. Niliomba maji ya moto jikoni kwa mwenyeji wetu, nikayamwaga juu ya kitasa. Mlango ukafunguka papo hapo, nikajiona fundi!

Kumbe sasa haukutaka kufungika. Niliubamiza, ukarudi. Nikaubamiza tena, ukarudi. Mara ya tatu nilisukuma kwa bega, ukashika, nikasikia mlio mmoja: ta! Mlango uliofungwa sawasawa hulia mara mbili. Hilo sikulijua.

Mtoto aliomba kukaa dirishani apate kuyaona mabonde, nami nikakaa katikati. Mkanda wa upande ule ulikuwa umekatika siku nyingi. Tulipokuwa tukiteremka kwenda Naivasha, kwenye kona ya kushoto kwenda kulia, mlango ulifunguka wote kwa mara moja, na mtoto akaenda nao. Nilimdaka kwa sweta. Mguu wake mmoja ulikuwa nje, na kiatu kilianguka barabarani. Mjomba alisimamisha gari, akamkumbatia mwanawe kitambo kirefu, kisha akauliza, "Mpwa wangu, mlango huu uliufunga wewe?" Nikamweleza yote, pamoja na habari ya maji ya moto. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tulifunga mlango kwa kamba mpaka Naivasha, na huko fundi mmoja akanionyesha kosa langu. Ndani ya kitasa mna chuma kilichopinda kama uma. Mlango ufungwapo, uma hugonga pingu iliyokazwa kwenye nguzo ya gari, ukazunguka na kuikumbatia. Kisha kijino kidogo, kikisukumwa na springi, huanguka nyuma ya uma kuuzuia usirudi. Kijino hicho kina vituo viwili: cha kwanza ni cha tahadhari tu, cha pili ndicho cha kufunga kweli. Penye baridi, grisi nzee yenye vumbi huwa nzito kama nta, na maji yaliyoingia huganda katikati. Springi ile ndogo haiwezi kushindana navyo. Maji yangu ya moto yaliyeyusha barafu, kweli, lakini yaliacha maji mengine mle mle ndani, na grisi ikapoa tena upesi.

Fundi hakung'oa kitu. Aliuacha mlango wazi, akausukuma uma kwa bisibisi: ulikwenda kwa uvivu kama mgonjwa. Akaupiga mswaki kwa mafuta ya taa, ukatoka uchafu mweusi, akaufungua na kuufunga mara nyingi mpaka ukalia ta-ta bila kusita. Akapangusa, akatia matone ya mafuta mepesi ya cherehani. Kabla ya kufunga mlango alivuta kwanza mkono wake ili uma urudi wazi. Ukisahau hivyo, uma uliojifunga utagonga pingu na huenda ukaharibika. Kisha akachokoa kwa waya matundu yaliyo chini ya mlango. Yakamwagika maji ya matope, maji yangu ya jana! Mwisho akaipaka mipira ya mlango gliserini, ile ile wanayopaka akina mama mikononi, ili isigandamane na bati. Grisi ya kawaida, alisema, huiharibu mipira.

Kazi yote haikupita nusu saa. Mjomba alilipa, akanunua mkanda mpya, akanunua na viatu.

Siku hizi mtoto yule hapandi gari lo lote mpaka mimi nimekwisha kuufunga mlango na kuusukuma kutoka ndani kwa mikono miwili. Hunitazama nikifanya hivyo, husikiliza milio yote miwili, ndipo huja. Wala dirishani hakai tena.