Usiku wa Nuru Sharjah

Mwezi huu twaomba ruhusa tuseme jambo la nyumbani kwetu, maana ndani yake mna kosa letu, na kosa likisemwa huenda likamfaa mwingine.

Februari 2024 tulisafiri kutoka Tanga, sisi na watoto na mama yetu mzazi, kwenda kumzuru ndugu yetu afanyaye kazi Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Tulifika wakati wa Tamasha la Taa, ambalo mji ule ulilianzisha mwaka 2011. Kwa masiku kadhaa misikiti na majumba makubwa hupambwa kwa picha za mwangaza, na watu hutoka na jamaa zao, wazee kwa watoto, kutembea na kutazama.

Ndugu yetu alipotaka kutupeleka, tulisema, "Mama na abaki apumzike." Maneno yalikuwa ya huruma, lakini nia ilikuwa nyingine. Mama yetu ana maradhi ya presha ya macho, na tabibu alikwisha tuambia kwamba nuru iliyopotea kwa maradhi yale hairudi. Sasa hana ila mwangaza na rangi. Tukawaza: asiyeona akatazame nini? Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, kiza sijakiingia bado. Na hata ningekuwa nimekiingia, ningependa kuwa nanyi." Tuliona haya.

Basi tukaenda sote baada ya Magharibi hadi Msikiti wa Al Noor, ulio kando ya hori la Khalid, uliofunguliwa mwaka 2005, nao umejengwa kwa mtindo wa misikiti ya Kituruki ya Istanbul. Wenye kazi ile hupima kwanza kuta, kuba na madirisha, kisha huchora picha zilingane na kila pembe, na mitambo iliyowekwa mbali huzirusha juu ya jengo. Maua na nakshi hupanda minara, wala ukuta hauguswi hata kwa tone moja la rangi.

Mama aliketi, na mjukuu wake wa miaka saba ubavuni pake.

"Bibi, sasa kuba ni buluu. Sasa maua yanapanda."

"Yanapanda upande gani?"

"Upande wa kulia."

"Naam, wekundu wake nauona."

Rangi aliziona mwenyewe. Umbo alipewa na mtoto. Kisha yeye naye akaanza kumsimulia usiku wa maulidi wa utotoni mwake, karabai zimetundikwa miembeni, watu wameketi mikekani, harufu ya udi imetanda. Mtoto akafumba macho yake ili aone.

Hapo tulimkumbuka Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965. Katika Kitab al-Manazir alieleza kwamba jicho halitoi miali ya kuonea, bali nuru hutoka katika vitu ikaliingia jicho. Alieleza tena kwamba kuona hakutimii jichoni peke yake. Akili na kumbukumbu hukipambanua kile kilicholetwa na jicho. Mambo haya tulikwisha yasoma. Usiku ule tuliyashuhudia kwa mama yetu.

Wapo wasemao kwamba taa zote zile ni israfu. Hatuwalaumu, kwani sisi wenyewe tulikwenda na swali hilo moyoni. Lakini israfu tuliyoikuta karibu zaidi ilikuwa ni yetu: kuwa na mama aliye hai, nasi tukataka kumwacha nyuma ya mlango.

Ilipoadhiniwa Isha tulimshika mkono tukaingia kusali.

Tangu turejee Tanga, kila alasiri mjukuu humketisha bibi yake barazani akamweleza ni nani apitaye, amebeba nini, na mawingu ya baharini yana rangi gani. Hapana mtambo pale, wala taa ila ya jua linalokuchwa, na bibi hucheka.

Ewe msomaji, nyumbani kwako ni nani aachwaye nyuma kwa kuambiwa kwamba hataona, au hatasikia, au atachoka? Tafadhali, kabla ya kufunga mlango, muulize mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.