Kapita aliyeuza mchezo



Kapita akiandika hapa, mara nyingi ni juu ya salongo, kelele mu vyumba vya kulala na wale wanaochelewa ibada. Leo tunataka kuongea juu ya mtu wa Afrika ya Kusini, Hansie Cronje. Mutaona mbele kwa nini.

Mchezo wake ulikuwa kriketi. Kwetu hauchezwi, tuliusikia ku somo la Kiingereza. Ni watu 11 kila upande. Mmoja anatupa mpira mgumu, mwingine anaupiga na ubao, kisha anakimbia kutafuta pointi. Mchezo mkubwa wa mataifa unaweza kumaliza siku tano. Tena kapita wa kriketi si kama ule wa futbol, mwenye kuvaa kitambaa ku mkono. Yeye njo anasema nani atupe mpira, nani asimame wapi, na saa gani kundi lake liache kupiga. Mambo mengi yako mu mkono wake.

Cronje alizaliwa Bloemfontein mwaka 1969. Ku masomo yake, Grey College, alikuwa kapita wa wanafunzi wote, kama sisi hapa. Tulipojua ile, tulifurahi sana. Mu 1994 akawa kapita wa taifa. Aliongoza michezo mikubwa 53, akashinda 27, akapoteza 11 tu. Alikuwa mpigaji wa nguvu, tena Mkristo asiyeficha imani yake. Wengi walimuonyesha watoto wao kama mfano.

Kumbe, toka 1996, alikuwa anapokea feza ya watu wa kamari. Mu Januari 2000, huko Centurion, mvua iliharibu siku tatu za mchezo na Waingereza. Cronje akaomba kapita mwenzake kwamba kila kundi liache zamu moja ya kupiga, ili mshindi apatikane. Watu wakasifu. Waingereza wakashinda. Nyuma ikajulikana kwamba mtu wa kamari alimupa feza na koti moja la ngozi.

Mu Machi ya mwaka ule, kule India, alifanya ubaya zaidi. Aliita wachezaji wawili wa chini yake, Herschelle Gibbs na Henry Williams, akawaahidi dola 15,000 kila mmoja ili wacheze vibaya. Wakakubali. Gibbs alipaswa kutoka mbele ya kufika pointi 20. Lakini alipoingia mu uwanja, akapiga 74! Hata hivyo wote wawili walifungiwa miezi sita, sababu walikubali.

Mu Aprili polisi ya Delhi ikatangaza kwamba ilisikia maongezi yake ku telefone. Kwanza alikana. Siku chache nyuma, usiku sana, akaita mkubwa wake akasema hakuwa mkweli. Akaondolewa palepale, kisha akafungiwa maisha yote. Tarehe 1 Juni 2002, ndege ya mizigo aliyopanda ilianguka mu milima karibu na George. Alikufa na miaka 32.

Sasa, wandugu, kwa nini tunawaeleza haya? Ni sababu ya sabuni.

Mbele ya Noeli mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano hakuja ku salongo. Tuliandika jina lake. Magaribi akatuletea kipande cha sabuni, na sisi ile juma hatukuwa nayo hata kidogo. Tukafuta jina. Walimu walipouliza, tukaambia mtoto wa mwaka wa pili, mwenye kuhesabu majembe, aseme kwamba yule alikuwako. Akasema. Angesema nini ingine? Kapita njo alimuambia. Na mwingine aliyekosa siku ileile, asiye na sabuni ya kutoa, alikata majani siku tatu.

Ile sabuni iliisha mu juma mbili. Lakini yule mtoto mpaka leo anatusalimia bila kutuangalia ku macho.

Tukisoma habari ya Cronje, koti halikutushitua sana. Kilichotushitua ni wale wawili aliowaita. Mtu akiuza jina lake, ni hasara yake. Kapita akiuza, anauza na kinywa cha wadogo.

Juma hili tulienda kwa Bwana Prefe, tukamuambia yote, tukaweka daftari la majina ku meza yake. Atakata neno gani, tunangojea. Yule mtoto tulimuomba musamaha mbele ya wenzake, na aliyekata majani vilevile.

Mukipata kapita mupya, mumuheshimu. Lakini akiwaambia museme uongo, mukatae, hata akiwa sisi.

Ni sisi ndugu yenu,
Kapita, mwaka wa sita