Qat, Cwm na Askari: Maneno ya Ajabu kwa Wapenzi wa Scrabble

Najua baadhi yenu mtaguna, "Huyu naye! Gazeti ni la Chama cha Kiswahili, yeye anatuletea Kiingereza!" Tulieni kwanza. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana, nami leo nataka kuwaambia maana. Isitoshe, safari yangu ndani ya kamusi ya Kiingereza imenirudisha hadi mlangoni pa Kiswahili, kama mtakavyojionea.

Mchezo wa Scrabble ulibuniwa na Mmarekani, Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi uchumi wa nchi yao ulipoporomoka katika miaka ya 1930. Bwana huyo alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue zipi hutumika sana na zipi ni adimu. Ndiyo maana vipande vya E viko 12 na kila kimoja ni pointi 1 tu, ilhali Q ni kimoja, Z ni kimoja, na kila kimoja kina pointi 10. Jina Scrabble lilikuja mwaka wa 1948. Vipande vyote ni 100, na kila mchezaji hushika 7. Ukivimaliza vyote saba kwa mkupuo mmoja, unazawadiwa pointi 50 za ziada.

Shuleni kwetu tuna seti moja tu, tena imechakaa. Vipande vilivyopotea tumevikata kwa katoni. Shida ni kwamba ukitia mkono mfukoni unakijua cha katoni kwa kukipapasa tu, kwa hivyo tuliafikiana kuwa mtazamaji ndiye atakayetuchotea. Mchezo lazima uendelee, ama namna gani?

Kinachomtisha mwanagenzi ni Q. Tangu shule ya msingi tumefunzwa kwamba Q na U ni chanda na pete. Ukiipata Q bila U unaona giza. Kumbe kuna maneno ambamo Q hutembea peke yake! Chukueni kalamu:

"Qi" ni nguvu ya uhai ambayo kwa imani ya Wachina humzunguka mtu mwilini. Herufi mbili, pointi 11.

"Qat", nanyi msicheke, ni miraa! Ndiyo, ile ile ya Meru. Pointi 12. Waweza pia kuiandika "khat".

"Qadi" ni kadhi, yule hakimu wa sheria za Kiislamu. Pointi 14.

"Qanat" ni njia ya maji iliyochimbwa chini ya ardhi, kama zilivyo kule Iran, ili maji yafike mashambani bila kukaushwa na jua.

"Cwm" haina hata moja ya a, e, i, o, u. Imetoka Wales, ambako w huweza kuwa irabu, na hutamkwa "kuum". Ni bonde lenye umbo la bakuli lililochongwa na barafu mlimani. Wanafunzi wa Jiografia, mabonde hayo yako hata kwetu Mlima Kenya!

"Syzygy" ni hali ya jua, dunia na mwezi kujipanga kwa mstari mmoja. Lakini chunga, Y ziko 2 tu katika seti. Ya tatu lazima utumie kipande kitupu.

"Ai" ni mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayeishi mitini na kutembea polepole ajabu. Atakufaa sana irabu zikikujaa mkononi.

Je, umeona jambo? Moja la Kichina, mengine ya Kiarabu, jingine la Wales. Kiingereza kinachotutetemesha darasani kumbe kimekopa kila mtaa! Na kwetu pia kimebisha hodi. Katika orodha ya maneno inayotumiwa kwa mashindano nje ya Amerika Kaskazini yamo "safari", "uhuru", "bwana", "panga", "matatu" na hata "ugali". Nalo "askari" limo. Hilo nina hadithi nalo.

Mwaka jana tulialikwa na shule moja ya bweni. Wenyeji walikuwa wakizungumza Kiingereza cha puani hata na paka wa jikoni. Mpinzani wangu alinitazama sweta, akatazama viatu, kisha akaniuliza kama shule za kutwa siku hizi pia zina Scrabble. Nilinyamaza. Mchezo ukapamba moto, nami nikapanga A-S-K-A-R-I. Akaruka juu, "Hiyo ni Kiswahili! Toa!" Refa akafungua orodha, akapitisha kidole polepole, akasema, "Neno lipo." Jamaa akapoteza zamu, maana ndizo sheria tulizokuwa tukitumia siku hiyo. Mwishowe alinishinda kwa pointi chache, lakini hakuniuliza tena habari za shule za kutwa.

Sasa, baba yangu ni askari wa usiku. Huondoka jioni na tochi na rungu, akarudi tukienda shule. Ni kazi ambayo watu huipita langoni bila salamu. Nilipomsimulia, alikaa kimya, kisha akauliza, "Hiyo askari ni pointi ngapi?"

"Kumi, baba."

"Na 'boss' je?"

Nikahesabu kwa vidole. "Sita."

Baba alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Wako wasemao maana ya neno haina kazi, bora pointi. Humtaja Nigel Richards wa New Zealand, aliyeshinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka wa 2015 bila kukijua Kifaransa. Alikariri maneno tu! Mwaka uo huo Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza. Wote wawili nawavulia kofia. Hata hivyo, mimi huandika neno na maana yake daftarini. Pointi huishia pale pale ubaoni, lakini maana naenda nayo nyumbani.

Basi wanachama, nina ombi. Tuunde mchezo wetu wa Kiswahili! Tufanye kama Butts, tuhesabu herufi katika gazeti. Mimi nimejaribu ukurasa mmoja, na A iliziacha nyingine zote mbali. Q na X hatuzihitaji kabisa. Lakini kuna maswali ya kujibu. "Ng'" iwe kipande kimoja au viwili? Na "nimekula" ni neno moja au sentensi nzima? Tukiruhusu vitenzi vyote, mtu ataandika "hawatatuelewa" na kujaza ubao!

Mwenye jibu anione darasani Kidato cha Tatu, saa ya mapumziko. Katoni ninayo, makasi nitaazima.