Kile Kitu ni cha Nani?

Kompyuta ndilo somo langu la kwanza hapa Kampala, Kiswahili la pili, na kosa ninalolisimulia lilinifundisha yote mawili.

Nilikuwa naandika draiva ya kipimajoto cha USB kwenye Linux. Draiva huishi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta. Programu ya kawaida ikifungwa, mfumo hujichukulia kumbukumbu yake yote. Draiva ikisahau kurudisha ilichoazima, kumbukumbu hiyo haipatikani tena mpaka uwashe mashine upya.

Yangu iliazima mara tatu ilipoanza kazi. Hatua ya tatu ikishindikana, nirudishe cha pili, kisha cha kwanza, kinyumenyume. Nilijaza goto na lebo mpaka mimi mwenyewe nikapotea humo, na lebo moja ikaruka hatua. Kumbukumbu ikawa inavuja; kmemleak, kifaa cha kerneli cha kutafuta mavujo, ndicho kilichoniumbua.

Mwenzangu akacheka: “Ndugu yangu, mbona unajitesa? Tumia devm_kzalloc.” Tangu 2007 Linux ina njia ya kukifungia kifaa kila kilichoazimwa kwa ajili yake. Kifaa kikichomolewa, au draiva ikishindwa kuanza, kerneli yenyewe hurudisha vyote. Nilifuta lebo zote usiku huohuo. Msimbo ukawa mfupi, nami nikavimba kichwa.

Siku ya kuwaonyesha wenzangu, nikaiondoa draiva, skrini ikaganda. Nilikuwa nimeacha kfree moja ya zamani mwishoni: kitu kilekile kimerudishwa mara mbili. Darasa kimya. Mhadhiri hakufoka, aliuliza tu, “Sasa, kile kitu ni cha nani?”

Nilikosa jibu. Nilijua kukiazima na nilijua njia fupi ya kukirudisha, lakini mwenyewe sikumjua.

Kuifuta ile kfree ilikuwa kazi ya sekunde. Swali ndilo lililonikesha. Nilipitia kila mstari nikiuliza hivyohivyo, nikakuta kumbukumbu ya vipimo si ya kifaa peke yake. Programu inaweza kuwa bado inaisoma wakati mtu anachomoa waya, na devm ingeinyang'anya katikati ya kusoma. Hiyo nikaitoa kwenye devm, nikaihesabia watumiaji wake, wa mwisho akitoka ndipo irudishwe.

Msimbo ukarefuka kidogo. Mwenzangu bado ananiuliza kwa nini pale sijapafupisha.